Mrejesho: mbwa wangu wa aina ya Jack Russell anayechimba bustani

Wakuu, niliuliza hapa kama nimfunge mnyororo Jack Russell wangu, jike, maana alikuwa anafukua bustani na kubwekea kila bodaboda ipitayo getini. Mliosema nisimfunge, asanteni sana.

Kilichonisaidia zaidi ni yule aliyeeleza kwamba kasisi John Russell wa Devon, Uingereza, aliwazalisha mbwa hawa karne ya 19 ili wawafurumushe mbweha mashimoni. Kumbe yuko kazini! Nimemtengea kona ya mchanga, nafukia mpira wake humo. Akianza kufukua, unaona mkia tu na mchanga unaruka. Maua yamepona, ukiacha waridi moja (lile la mama mkwe, bahati mbaya).

Namkimbiza asubuhi kabla ya jua kali, na jioni tena. Kelele zimepungua, hazijaisha. Kuku wa jirani simwamini nao hata kidogo, hivyo nje hatoki bila kamba. Chanjo ya kichaa cha mbwa tayari, na uzito wake ni kilo 6.

Limebaki suala la kupe: akiona tu beseni la dawa, anazama uvunguni na hatoki. Mnawaogeshaje wenu?