Jiko la hoteli kwenye BIM: nianzie wapi kabla sijatindua vigae vya watu tena?

MchoraJiko
Wakuu, habari za jioni. Nachora majiko ya biashara, niko Dar. Miaka kumi na moja nimekula kwa AutoCAD, mistari mitupu. Sasa nimepata jiko la hoteli Paje, Unguja, la kulisha wageni 120, na msanifu kasema mistari hapokei. Anataka modeli ya BIM, yaani jengo la pande tatu kwenye kompyuta, kila kitu na taarifa zake: nichore kwenye programu ya Revit au nimpe faili ya IFC, ile inayofunguka kwenye programu tofauti za BIM.

Simlaumu. Kazi yangu iliyopita, ukuta ulisogezwa sentimita 35 baada ya mimi kukabidhi michoro, na hakuna aliyenipigia simu. Oveni ya mvuke inafika, drein ya sakafuni iko chini ya meza ya jirani yake, na vigae vimeshakauka. Tulitindua siku mbili, mwenye mali kakaa juu ya ndoo ya rangi anatutazama, hasemi neno. Hatujapumua, hudi ya kuvutia moshi juu ya majiko nayo ikagoma kupanda: boriti imeshuka pale ambapo kwenye karatasi yangu palikuwa peupe.

Sasa niambieni, nikihamia BIM haya yanakwisha, au nanunua programu ya bei mbaya ili nikosee kwa pande tatu?

Bomba_na_Moto
Pole kwa vigae, mkuu. Ukuta ukisogezwa kimyakimya utakuumiza hata kwenye BIM, ila angalau boriti utaiona.

Programu itapiga kelele dakti, ile njia ya bati ya kutolea moshi, ikigonga boriti. Mlango wa oveni ukigonga mgongo wa mpishi itanyamaza, kwa sababu mgongo wa mpishi haumo kwenye modeli. Ndiyo maana vijana wangu nawaambia wachore hewa. Kila kifaa kiwe na boksi lake la pili, la kuona ndani, la nafasi kinayoihitaji kikiwa kazini: mlango umefunguliwa, kitoroli cha trei kimesimama mbele, vichujio vya hudi vinachomolewa vikaoshwe. Boksi hilo nalo liingie kwenye ukaguzi wa migongano. Kuna kazi moja tuligundua hivyo kwamba kidirisha cha kusafishia dakti kimetazamana na bomba la maji taka. Bati na bomba havigusani, kwa hiyo mgongano hakuna, ila fundi wa kukwangua mafuta angehitaji mkono wa mtoto mchanga.

Paje, nahisi makuti yapo? Basi hapo hewa ina bei. Kanuni ya Wamarekani, NFPA 96, inataka inchi 18, kama milimita 457, kati ya hudi au dakti ya mafuta na kitu kinachoshika moto. Livalishe dakti koti la unene huo toka kwenye hudi mpaka juu ya paa. Kwa makuti mimi hata hizo siziamini, naisukuma dakti itokee upande wa zege.

Halafu modeli za vifaa za kupakua mtandaoni. Niliwahi kupakua modeli ya oveni nzuri, hadi maandishi ya vitufe yanasomeka. Kompyuta ikaanza kukoroma. Kumbe ni ya soko la Marekani: volti 208, Hz 60. Kwetu fezi tatu ni volti 400, Hz 50, na mhandisi wa umeme alikuwa ameshazibeba zile namba kama zilivyo. Siku hizi nachora boksi tupu lenye vipimo sahihi, jasho langu naliweka kwenye viungio: maji yanaingia wapi, yanatoka wapi, gesi, umeme, moshi. Kila kimoja na kimo chake toka sakafu iliyokamilika.

SitiWaPasi
Asalaam aleikum. Mie mpishi, michoro siijui. Kaka yangu, mwite atakayepika humo kabla hujakabidhi. Mie niliitwa mara moja, kijana akanitembeza ndani ya jiko kwenye simu yake. Nikamuuliza, sahani chafu zarudi kwa njia gani? Kimya. Kumbe zilikuwa zapita mbele ya meza ya saladi! Kwenye karatasi nisingaliona, maana karatasi zenu kwangu ni kama ramani ya mitaro. Mlango wa kuoshea vyombo ukahamishwa kuta hazijapanda. Na sinki la kuparia samaki nikamwambia alitoe nje, kibaraza cha nyuma. Modeli yake haikuwa na harufu.

FundiWaSaiti
Huku saiti modeli hatuioni. Tunapewa A3 iliyomwagikiwa chai. Kwa hiyo vipimo vya drein vipigeni kutoka gridi ya nguzo, msipige kutoka ukutani, maana siku tunamwaga zege huo ukuta haujazaliwa. Na chumba cha baridi semeni mapema slabu, zege la sakafu, ishuke pale, la sivyo mtatuwekea tuta mlangoni na kitoroli kimwage nyanya kila asubuhi.

MchoraJiko
Nimewasikia. Leo nimeweka boksi la hewa mbele ya oveni, na mlango wake unafungukia njia ya wahudumu wenye trei. Miaka kumi na moja, jamani. Nimeshaugeuza.

Makuti yapo, Bomba, juu ya ukumbi wa kulia, na jiko limeshikana nao. Nimemtumia msanifu picha ya dakti na koti lake. Kajibu "nitakupigia". Dada Siti, mpishi mkuu bado hajaajiriwa, nimeomba wanipe hata msaidizi wake.

Kingine: nikifungua IFC ya msanifu, jengo linakaa kilomita kadhaa kutoka jiko langu. Nilivute tu kwa mkono?

Bomba_na_Moto
Usiliguse. Hamjakubaliana sifuri. Chagueni makutano ya gridi A na 1, sakafu ya chini iliyokamilika iwe 0.00, kila mtu aanzie hapo, na yeye akutumie faili upya. Ukilivuta kwa mkono, toleo lijalo litarudi kulekule.