Nina kizazi changu, daktari kaniandikia estrojeni tupu! Hivi swali moja tu lilimshinda nini?

Jamani nimekasirika na leo sina upole. Wanawake wenzangu ambao hedhi imekoma au iko njiani kukoma naomba msome, na madaktari mliomo humu nanyi msome maana nawasema nyie.

Waliopitia wanajua hali niliyokuwa nayo. Moto unaanzia kifuani, unapanda shingoni, unafika usoni, jasho linanitoka mbele za watu kikaoni nabaki najipangusa tu. Usiku naamka shuka limelowa, nahamia upande mkavu nao unalowa, asubuhi naenda kazini sijalala namfokea mtu ambaye hajanikosea kitu. Na huko chini kukavu mpaka tendo la ndoa likawa mateso, hilo watu wanaona aibu kulisema ila mimi nalisema. Mara ya kwanza naenda hospitali naambiwa "mama huo ni umri tu, utazoea". Nizoee kutolala?? Mtu mwingine yeyote akienda kwa daktari akasema halali, moyo unamwenda mbio, anatota jasho, anapimwa kuanzia kichwani hadi miguuni, sisi tunaambiwa tuzoee.

Haya, nikahangaika nikampata daktari mwingine, huyo angalau akasema kuna dawa za homoni. Nikafurahi sana. Akaniandikia vidonge vya estradioli, yaani homoni ya estrojeni, miligramu 2, kila siku kimoja, karatasi kanipa, mgonjwa mwingine aingie. Basi. Hakuniuliza kama nina kizazi au nilishatolewa, hakuniuliza kama nimewahi kuganda damu mguuni, hakuniuliza kwetu kama kuna mtu aliugua kansa ya titi, hata presha hakupima. Na dawa jamani ilifanya kazi, sitaki kudanganya, moto ukapungua, nikalala, nikawa mtu tena.

Halafu damu ikaanza kutoka. Mtu hedhi ilishakoma zaidi ya mwaka, damu inatoka wapi? Nikarudi kwake, hata macho hakuinua kwenye meza, "ni dawa inazoea mwilini, endelea". Nikaendelea. Ikaja tena na tena, ndo nikaenda kwa bingwa wa magonjwa ya wanawake, yule mama swali lake la kwanza kabisa kabla sijakaa vizuri, "kizazi unacho?" Nikasema ninacho. "Na projesteroni unatumia ipi?" Nikamwambia ndo nini hiyo. Akanyamaza, akachukua kile kiboksi akakigeuza, akanipeleka ultrasaundi. Ukuta wa ndani wa kizazi umenenepa kuliko unavyotakiwa kwa mtu ambaye hedhi imekoma. Wakachukua kinyama wakapime na mimi nikarudi nyumbani kusubiri majibu, na siku zile za kusubiri simtakii mtu. Kansa haikuwepo namshukuru Mungu, ila ukuta ulikuwa umeshaanza kuota kupita kiasi, na hali hiyo ikiachwa inaweza kuja kuwa kansa.

Sasa nielezeni kwa nini nililijua hili baada ya kuumia. Estrojeni kazi yake mojawapo ni kukuza ule ukuta, projesteroni ndo inauzuia usikue ovyo. Mwenye kizazi anapewa zote mbili, iwe projesteroni kila siku au siku kama 12 hadi 14 za kila mwezi, aliyetolewa kizazi ndo anatosha na estrojeni peke yake. Hii sio habari mpya! Tangu 1975 tafiti zilishaonyesha kwamba estrojeni tupu kwa mwenye kizazi inaongeza kansa ya kizazi. Wengine humu walikuwa hawajazaliwa. Na daktari wa leo anashindwa kuuliza.

Na nyie mtakaokuja hapa kuandika "homoni ni kansa, kunywa majani" nawajibu mapema kabisa kwa sababu nanyi mmetutesa. Hofu yote hiyo ilikolezwa na utafiti mkubwa wa Marekani uliositishwa mwaka 2002, wanawake zaidi ya 16,000, wastani wa umri miaka 63, yaani wengi hedhi ilikoma zamani sana. Kansa ya titi iliongezeka kweli kwa waliotumia vidonge vya mchanganyiko wa hizo homoni mbili, lakini kiasi gani? Kati ya wanawake 10,000 kwa mwaka, ilikuwa 38 badala ya 30. Wanane zaidi. Sio sifuri, na kila mmoja kati ya hao ni mama wa mtu, ila mwanamke akitajiwa hiyo namba anaweza kuamua mwenyewe, akiambiwa "kansa" tupu anakimbia anaenda kuteseka na jasho lake. Ushauri wa sasa ni kwamba mwenye dalili kali, hana vizuizi, yuko chini ya miaka 60 au haijapita miaka 10 tangu hedhi ikome, kwake faida kwa kawaida inazidi hatari. Hilo nalo hakuna aliyeniambia!

Kingine kilichoniudhi: vidonge vya estrojeni vinapita kwenye ini kwanza, ndo maana vinaongeza hatari ya damu kuganda, estrojeni ya kubandika au ya kupaka kwenye ngozi kwa dozi za kawaida haionekani kuongeza hatari hiyo. Mwenye historia ya damu kuganda, kiharusi, kansa ya titi, ini bovu, au anayetokwa damu isiyojulikana chanzo hatakiwi kuandikiwa vidonge hivi juu juu tu. Sasa mtu atajuaje kama haulizwi?

Kwa hiyo kama uko kwenye estrojeni na kizazi unacho, kaangalie boksi lako leo hii, sio kesho. Kama ni estrojeni tupu nenda kaulize projesteroni iko wapi, na kama unatokwa damu dai ultrasaundi, ukiambiwa "inazoea" toka hapo nenda kwa mwingine.

Mimi sasa natumia ya kubandika na projesteroni usiku, nitapimwa tena ule ukuta. Yule daktari nimemwandikia barua ya malalamiko nikaambatanisha cheti cha dawa alichoniandikia na majibu ya kile kinyama, mpaka naandika hapa wako kimya. Mliowahi kufuatilia kesi ya hivi mkajibiwa, nambieni mlipitia wapi maana hili siliachi.