Naombeni ushauri: kupima homeopathi kwa watoto wasiotulia darasani

Habari zenu wanachama. Shirika letu la hisani hapa Kampala linataka kuchunguza kama vidonge vya homeopathi (tiba mbadala inayotumia dawa zilizozimuliwa mno) vinawasaidia watoto wa shule ya msingi wasiotulia. Tusifichane: dawa ya 30C imezimuliwa mara 30, kila mara sehemu 1 kwa 99, hivyo kwa hesabu haibaki hata molekuli moja ya kitu kilichozimuliwa. Mapitio ya mwaka 2007 ya Cochrane (mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba) kuhusu watoto wenye ADHD, yaani tatizo la kutotulia na kukosa umakini, hayakupata ushahidi wa kutosha kuipendekeza. Ndiyo maana kipimo lazima kiwe kikali.

Kundi moja litapewa dawa, jingine vidonge vya sukari tupu, ladha ileile, chupa zina namba tu. Orodha ya namba atakaa nayo mtu asiyewaona watoto. Mzazi humleta mtoto hali ikiwa mbaya kabisa. Baadaye hutulia hata bila dawa, na sifa zote huenda kwenye kidonge. Bila kundi la pili tutajidanganya.

Kwanza kamati ya maadili, kisha UNCST (Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda). Hapo hatuna shida. Tunapokwama: mwalimu mwenye darasa la watoto 80 ajazeje dodoso la tabia bila kubahatisha? Na la Kiluganda, je, kulitafsiri na kulirudisha Kiingereza kunatosha?

La mwisho linatuumiza kichwa zaidi. Mtoto akishikwa na homa lazima apimwe malaria siku hiyohiyo na atibiwe kwa dawa ya kawaida. Tuliandikeje kwenye fomu ya ridhaa ili mzazi asidhani vidonge vyetu vinatosha?