Mkataba wa simu unaisha tarehe 19, nifanyeje? (Uingereza)

MamaZuu_Coventry
Wandugu, hodi. Nina mkataba wa miezi 24, pauni 41 kwa mwezi, simu na bando pamoja. Juzi imeingia meseji kwamba unaisha tarehe 19. Shemeji yangu anasema nizuie makato benki tu, wenyewe watajua. Lakini namba hii ndiyo iliyoko shuleni kwa Zuu, kwa daktari, na kwa mama kule Tanga, ambaye kaishika kichwani na nyingine hataki kusikia. Na simu nataka kumpa mdogo wangu, anarudi Dar mwezi ujao. Nisije nikambebesha tofali.

mzee_wa_Leicester
Binti, shemeji yako anakuingiza mjini. Ukizuia makato mkataba haufi, ni deni linazaliwa. Linaingia kwenye rekodi yako ya mikopo, na simu yenyewe wanaweza kuifungia.

Mkataba ukiisha hakuna anayekukatia laini. Unaendelea vilevile, na mara nyingi bei haishuki hata senti, ingawa simu umeshamaliza kuilipa. Mimi nililipa pauni 38 kwa miezi kumi na minne ya ziada, kwa simu ya kioo kilichopasuka ambayo mjukuu anaangalizia katuni. Piga hesabu mwenyewe, mimi nikipiga roho inauma. Wakati ule hawakulazimika kutuambia. Tangu 2020 ni lazima wakuarifu kati ya siku 10 na 40 kabla, ndiyo hiyo meseji yako.

Tafuta laini peke yake, bila simu, ya mwezi kwa mwezi. Za pauni 10 zipo. Kisha kwa laini yako ya sasa tuma neno PAC kwenda 65075. Dakika haiishi wanakurudishia msimbo, unadumu siku 30. Wape kampuni mpya, namba inahama ndani ya siku moja ya kazi na mkataba wa zamani unafungwa papo hapo. Usipige simu kufuta kwanza! Ukitangulia kufuta, namba unaweza kuiaga.

binti_pangani
Da MamaZuu, kabla ya PAC tuma INFO kwenda 85075, ni bure, utaona kama kuna faini ukiondoka leo. Na usichanganye na STAC, hiyo ni ya wanaoitupa namba.

Simu usiogope, tangu Desemba 2021 kampuni za hapa haziruhusiwi kuuza simu iliyofungwa mtandao mmoja. Ila toka kwenye akaunti zako zote kabla hujaifuta, la sivyo mdogo wako ataombwa nywila yako yuko Kariakoo na wewe umelala. Halafu mama anatumia WhatsApp au kitochi? Dakika za bando kwa kawaida hazihesabu Tanzania, angalia bei.

MamaZuu_Coventry
Kitochi, tena cha kufunga na raba. Ahsante kwa hilo, lingenipita.

INFO nimetuma: nikiondoka leo faini pauni 19. Basi nangoja tarehe 20 nitume PAC. Shemeji nimemsomea maneno ya mzee, kasema yeye alikuwa anatania. Makato yake alizuia mwaka jana, sasa anauliza deni linalipiwa wapi.

mzee_wa_Leicester
Mwambie aje mwenyewe.