flock, fcntl au faili la .lock: kipi kwa seva ya SACCO?

fundi_mbale: Ndugu zangu, nisaidieni kulinganisha. Seva ni Linux. Kila dakika 5 kroni (kipanga ratiba cha Linux) inaamsha skripti inayoandika malipo ya simu kwenye daftari moja. Malipo yakiwa mengi, skripti ya pili inaanza kabla ya kwanza kumaliza na mistari inachanganyika. Nitumie kufuli lipi ili mbili zisiandike kwa pamoja: flock, fcntl au faili la .lock?

seva_gulu: Faili la .lock, yaani skripti kuunda faili ikianza na kulifuta ikimaliza, achana nalo. Umeme ukikatika kazi ikiendelea, linabaki diskini. Seva ikiwaka, skripti inadhani mwenzake bado yupo, na malipo hayaandikwi mpaka mtu alifute. Kufuli la flock linatunzwa na kaneli (kiini cha Linux): prosesi (programu inayokimbia) ikifa, linaachiwa. Kwenye crontab (ratiba ya kroni) ya root:

`*/5 * * * * flock -n /var/lock/malipo.lock /opt/sacco/malipo.sh`

Hapa malipo.lock ni la kushikia kufuli tu; kuwepo kwake hakumzuii mtu. -n ni kutosubiri: kufuli likiwa limeshikwa, amri inatoka na msimbo 1. Kusubiri sekunde 20, weka -w 20. Tafadhali usilifute faili hilo mwishoni. Aliyekwisha kulifungua anashika inode (rekodi ya faili diskini) ya zamani, anayekuja anaunda mpya, na wote wawili wanaingia.

kodi_mbarara: Sawa kabisa, ila flock inashika faili zima. Makarani wawili wakitakiwa kuandika rekodi tofauti kwa pamoja, unahitaji fcntl, wito wa mfumo ndani ya programu, unaoshika baiti ulizotaja tu. Hatari yake ni kubwa: kufuli ni la prosesi. Maktaba yoyote ndani ya programu yako ikifungua faili lilelile na kuita close(), makufuli yako yote juu yake yameondoka, na hakuna kosa linaloripotiwa. Kuanzia Linux 3.15 tumia amri ya fcntl iitwayo F_OFD_SETLK, ambayo kufuli lake si la prosesi bali la ufunguzi mmoja wa faili; sehemu ya l_pid katika ombi iwe 0. Nayo inashika baiti, lakini close() ya mwingine haiigusi.

fundi_mbale: Asante ssebo. Programu ya ripoti inasoma daftari bila kuomba kufuli. Itazuiwa?

seva_gulu: Haitazuiwa. Haya ni makufuli ya hiari, yanamzuia anayeomba tu. Ripoti nayo ipitie `flock -s` (kufuli la pamoja, la wasomaji) kwenye malipo.lock hiyohiyo. Kufuli la lazima lilikuwepo Linux, likaondolewa toleo la 5.15.

kodi_mbarara: Tena angalia: skripti ikiacha kazi ya nyuma kwa &, mtoto (prosesi hiyo mpya) anarithi kufuli na halitoki hata mzazi akimaliza. Kama kazi hiyo haigusi daftari, ongeza -o kwenye flock, ili mtoto asirithi. Kumtafuta aliyelishikilia, `fuser -v /var/lock/malipo.lock`; lslocks (amri ya kuorodhesha makufuli) inaweza kukuonyesha PID (namba ya prosesi) ya mzazi aliyekwisha kufa.