Naomba ushauri: 3% juu ya soko ni ujuzi au bahati?

Wakuu, naombeni mawazo yenu. Mkakati ni kununua hisa zilizopanda kuliko nyingine ndani ya miezi 12, ukiuacha mwezi wa mwisho. Kwenye data za miaka 15 (kampuni zilizofutwa sokoni zimo) unaipita faharisi (kipimo cha soko zima) kwa wastani wa 3% kwa mwaka, ila mkengeuko sanifu wa tofauti hiyo (kiasi inavyoyumba mwaka hadi mwaka) ni 12%.

Hapo ndipo penye tabu. Gawa 12 kwa kipeuo cha pili cha 15, unapata kosa sanifu (kiasi ambacho wastani huo unaweza kukosea kwa bahati tu) la takriban 3.1%, kubwa kuliko faida yenyewe! Ili faida ifike mara mbili ya kosa hilo, inatakiwa miaka 64. Kutumia data za kila siku hakusaidii. Kunanoa kipimo cha myumbo tu, wastani unabaki na ukungu uleule. Na gharama bado: mfuko ukibadilishwa wote mara mbili kwa mwaka, kuuza na kununua kwa 0.3% kila upande kunakula 1.2%.

Je, kuujaribu kwenye masoko mengine kunatosha, wakati masoko huyumba pamoja? Na mnatenganishaje kosa la bei (soko limekosea thamani ya hisa) na malipo ya hatari (faida ya ziada kwa kubeba hatari zaidi)? Mchumi Eugene Fama alishaeleza kwamba kipimo cha ufanisi wa soko (kama bei zinabeba taarifa zote) hupima pia modeli uliyoichagua kukadiria faida inayostahili hatari.

Mikakati hii iliumia vibaya 2009, hisa dhaifu ziliporuka ghafla. Kwa hiyo nauliza hasa: mngeupa asilimia ngapi ya mtaji?