Michango ya kampeni mtandaoni: wanaochanga ndio wanaopiga kura?

Mpwani anauliza:
Ndugu zangu, ninamsaidia kijana anayejiandaa kuwania uwakilishi wadi katika Kaunti ya Kilifi mwaka 2027, naye hana tajiri wa kumshika mkono. Anataka tuchukue nambari ya Paybill (ya kupokelea malipo ya M-Pesa) na kuomba michango kupitia WhatsApp na Facebook, hasa kwa watu wa kwetu walioko Nairobi na Ghuba. Je, njia hii ina tija? Na tufanyeje ili tusionekane matapeli?

Mkaazi wa Starehe:
Mwaka 2017 Boniface Mwangi aliwania ubunge hapa kwetu Starehe, Nairobi, kwa tiketi ya Ukweli Party, akitegemea michango ya umma iliyoombwa kwa kiasi kikubwa mtandaoni. Sauti yake ilifika mbali, lakini kiti kilichukuliwa na mwanamuziki Charles Njagua, yaani Jaguar, wa chama cha Jubilee. Mchangiaji aliyeko London anaweza kulipia mabango, ila hawezi kupanga foleni Pangani siku ya kura. Kwa kiti cha wadi, mimi ningeithamini zaidi shilingi 50 ya mama muuza mahamri wa hapo hapo kuliko 5,000 za mtu wa Doha, kwa kuwa aliyetoa hamsini yake atamfuata mgombea hadi kituoni, tena na majirani zake.

Mhasibu:
Kuhusu utapeli, bango likishaanza kuzunguka WhatsApp, si ajabu mtu akafuta nambari yenu na kuweka yake. Kwa hiyo tangazeni pia jina litakalotokea kwenye simu ya mtumaji anapolipa, na liwe jina la kampeni, si la dada yake mgombea. Mchango wa M-Changa, jukwaa la kuchangisha fedha mtandaoni, kwa waathiriwa wa maandamano ya Juni 2024 ulipita shilingi milioni 30, na nionavyo mimi, watu walitoa kwa moyo kwa sababu jumla ilionekana wazi ikipanda. Msisubiri sheria iwadai hesabu: viwango vya matumizi ya kampeni vilivyotangazwa na tume ya uchaguzi, IEBC, mwaka 2021, ukiwamo ukomo wa takriban shilingi bilioni 4.4 kwa mgombea urais, vilikataliwa na Bunge la Taifa, na uchaguzi wa 2022 ukafanyika bila ukomo wowote.

Mdau wa Dar es Salaam:
Huku kwetu chama cha upinzani CHADEMA kilianzisha mchango wa Tone Tone mapema mwaka 2025. Mwezi Mei mtandao wa X ukafungwa nchini, na Juni Mahakama Kuu ikakizuia chama kwa muda kufanya shughuli za kisiasa na kutumia mali zake. Kenya haijafika huko, lakini msiweke kila kitu kwenye ukurasa mmoja. Majina ya wachangiaji na simu zao yaandikeni kwenye daftari, kijiji kwa kijiji, na daftari lenyewe akae nalo mweka hazina, si mgombea.